Meli ya Chokaa

Jumanne, 2 Desemba

Nimefika Rwamgasa jana jioni kutoka Kambarage, Shinyanga. Mama alinikabidhi kwa Shangazi Mbuke kama mtu anayeazimisha jembe: alieleza ninachoweza, akataja mwezi wa kunirudisha, na leo asubuhi amepanda basi la Shinyanga.

Nimemaliza kidato cha nne mwezi uliopita. Matokeo ni mwishoni mwa Januari.

Kazi yangu hapa ni meli. Athanas, mtoto wa pekee wa Shangazi, anafua mashuka kwenye meli kubwa ya watalii. Ana miaka sita hajarudi nyumbani. Safari hii kampuni yake imemruhusu kumpandisha mzazi mmoja na msindikizaji mmoja, wiki nzima, meli itakapopita Dar es Salaam mwezi wa tatu. Msindikizaji ni mimi, kwa sababu Shangazi hasomi na mimi nasoma Kiingereza cha shule.

Ila Shangazi hajakubali. Amesema, "Nijue kwanza naingia wapi." Athanas anataka jibu kabla Januari haijaisha. Shangazi asipokwenda, nami siendi.

Naandika hapa kwa sababu sitalisema kwa mdomo: nataka sana kwenda.

Ijumaa, 5 Desemba

Athanas ametuma picha na ramani kwenye simu. Meli ina ghorofa kumi na tano. Nimemsomea Shangazi yote alipokuwa akichambua mchele. Mabwawa mawili ya kuogelea, moja la watoto. Ukumbi wa maigizo wenye viti vyekundu. Mgahawa ambao mtu anajipakulia mwenyewe asubuhi hadi usiku na hakuna anayemuuliza amekula mara ngapi. Uwanja wa barafu wa kuteleza. Maktaba. Saluni. Kadi moja inayofungua mlango wa chumba, na hiyo hiyo unaionyesha ukiagiza soda.

Shangazi alipuliza makapi, akasema, "Hapo penye barafu. Watu wakitaka kutoka wote kwa mara moja, wanatokea wapi?"

Nikasema sijui, ramani inaonyesha sehemu za starehe.

"Basi hujanisomea bado," akasema.

Jumapili, 7 Desemba

Shangazi ana karasha, yaani mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Iko nyuma ya soko na inasikika hadi hapa. Anayeiendesha ni Magesa, kijana mrefu anayeongea na kila mtu. Leo amenisaidia kubeba maji, na kwa kuwa mimi sikuwa na la kusema, amesema yeye.

Nilijua kwamba Baba Athanas alifariki mgodini. Sikujua ilivyokuwa. Magesa amesema walikuwa na duara lao wenyewe, shimo la kushuka kwa kamba na kwenda ndani. Masika moja matimba yaliachia, yale magogo yanayozuia udongo, mdomo wa duara ukajifunga. "Na mdomo ulikuwa mmoja," Magesa akasema. Juu watu walikimbia kila upande wakiitana, na hadi wanaelewana nani alete nini, jua lilikuwa limezama.

Baada ya mazishi Shangazi alilifukia duara na hakulifungua tena.

Nilirudi ndani nikatafuta kwenye simu sehemu za kutokea.

Jumanne, 9 Desemba

Mvua kutwa.

Alhamisi, 11 Desemba

Kumbe sehemu za kutokea ziko. Kila chumba kina kituo chake cha kukutania. King'ora kikilia, mara saba fupi na mara moja ndefu, watu wote wanaacha walichokuwa wakifanya na kwenda kituoni kwao, na mhudumu, awe mpishi au mfuaji, anaita majina kujua nani hajafika. Boti za kuokolea zinaning'inia hapo hapo juu. Siku ya kupanda, kabla meli haijaondoka, abiria wote wanafanya zoezi hilo.

Nilipomsomea Shangazi aliacha kushona. "Rudia," akasema. Nikarudia mara tatu.

Jioni Athanas ameniandikia mimi peke yangu. Chumba tulichopewa ni cha ndani, ghorofa ya tatu. Hakina dirisha. "Usimwambie Mama. Akishafika atazoea."

Nimejibu: Sawa.

Jumapili, 14 Desemba

Shangazi amesema karatasi haielewi na simu inambana macho. "Nichoree chini."

Nyuma ya nyumba kuna shamba la karanga ambalo bado halijapandwa. Magesa ameleta nusu mfuko wa chokaa uliobaki kwenye mitambo ya kuchenjulia dhahabu. Tumechora tangu tulipotoka kanisani hadi mchana. Meli ni ndefu kuliko shamba, kwa hiyo tumeikunja: ghorofa ya tatu tumeiweka upande wa jikoni, ya nne kando yake, na ngazi ni matofali mawili. Lifti ni pipa, lakini Shangazi amekataa kuitumia. Chumba chetu kiko karibu na banda la kuku. Bwawa ni mstatili mkubwa katikati. Mgahawa upo kwenye uzio wa Mama Zuleha, jirani yetu anayeuza chai na chapati, kwa hiyo ukifika mgahawani unasikia harufu yake hasa. Kituo chetu cha kukutania ni chini ya tangi la maji.

Kila njia ya kutokea Shangazi ameipigilia kigingi mwenyewe na kufunga kitambaa chekundu.

Alivua ndala, akatembea kutoka chumbani hadi tangini, akarudi. Halafu akafumba macho akatembea tena. Alikanyaga bwawa.

"Umelowa, Shangazi," nikasema. Ni mara ya kwanza namtania. Alicheka hadi akakaa chini.

Alhamisi, 18 Desemba

Tunafanya zoezi kila siku saa kumi. Magesa ameleta filimbi na mpulizaji ni mimi. Siku ya kwanza nilipuliza kidogo kidogo, Shangazi hakusikia akiwa ndani.

"Meli inazama na wewe unaona aibu?" akaniuliza.

Leo nimepuliza vizuri zaidi. Watoto wa Mama Zuleha wameruka uzio wakakimbilia tangini wakapanga mstari. Mama yao akachungulia, chapati mkononi.

"Mama Athanas, mchezo gani huo?"

"Tunazama."

"Haya. Mkimaliza kuzama mje mnywe chai."

Kila siku Shangazi ananitaka nimweleze chumba. Namwambia kuna mito minne, taulo nyeupe ambazo huenda Athanas ndiye amezifua, kabati, bafu lenye maji moto, kioo. Nikifika ukutani nahamia kwenye televisheni.

Jumatatu, 22 Desemba

Mzee Mayala, wa upande wa pili wa barabara, amepanda mipapai kwenye uwanja wake wote, hadi mlangoni. Shangazi amesema ni mvua.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Tumekula wali na kuku. Athanas alipiga simu, mtandao ukakatika kabla mama yake hajamaliza kumuuliza kama amekonda.

Jumapili, 28 Desemba

Haikuwa mvua. Mzee Mayala anajenga. Kuta za miti na udongo zimesimama kwa siku tatu, hazina msingi wala madirisha. Hapa nyumba hizo wanaziita za tegesha: mtu akisikia mgodi mkubwa unakuja kuchukua eneo, anapanda na kujenga upesi upesi ili ahesabiwe kwenye fidia. Leo amenisimamisha barabarani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyekuja na ramani."

"Ndiyo, babu."

"Nakuuliza kwa heshima. Mgodi unapita upande wangu au unaishia kwenu?"

"Si mgodi, babu. Ni meli."

"Meli," akasema. "Hapa Rwamgasa."

"Ya Dar es Salaam. Tunajifunza vyumba vyake."

"Huko Shinyanga wanawafundisha kuficha vizuri sana." Hakuwa na hasira. Alionekana kunisifu. "Basi nitaongeza chumba kimoja."

Nimemsimulia Shangazi. Chokaa, vigingi, vitambaa vyekundu, msichana mgeni mwenye simu anayepima kwa hatua. Hata mimi ningekuwa wao ningepanda mipapai. Shangazi ametoka akaeleza mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Amerudi akisema wote wamemwitikia "Sawa, Mama Athanas" na kumkonyeza.

Jumapili, 4 Januari

Nyumba za tegesha sasa ni nne. Kanisani watu ambao hawajawahi kunisalimia wamenisalimia.

Ijumaa, 9 Januari

Asubuhi tumekuta shimo kwenye bwawa la kuogelea. Kina cha magoti. Uvumi umehama: si mgodi unaokuja, ni Mama Athanas amegundua mwamba wa dhahabu na anaupima kimya kimya. Shangazi amelifukia mwenyewe.

Sasa naisoma sura yake vizuri kuliko mwanzo. Nilipofika nilidhani ni mtu mgumu anayependa kuuliza maswali. Leo nimemwona akiendelea kushindilia udongo hata baada ya shimo kujaa, na nimeelewa kwamba kwake shimo lolote ni shimo lile.

Amesema, "Meli hii imeniletea mashimo nyumbani. Kama ndivyo, heri niache."

Sikulala vizuri. Niliwaza bahari kidogo na nafasi yangu sana. Sijivunii hilo.

Jumatatu, 12 Januari

Hakuna zoezi. Shangazi hataki. Athanas ameuliza kwa ujumbe: Mama anasemaje? Nimemjibu bado.

Jumamosi, 17 Januari

Naandika mikono ikiwa na udongo kwenye kucha, haujatoka.

Mchana Shangazi alikwenda kwenye karasha kwa sababu lilikuwa halisikiki na hakujua kwa nini. Mimi nilibaki nikipika. Mvua ilianza ghafla, ile ya matone makubwa. Nilitoka kuanua nguo, na nyuma ya nyumba nikasikia mtu anaita kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikika.

Alikuwa Magesa. Alikuwa amechimba pale pale kwenye bwawa, nyuma ya turubai alilotundika kana kwamba analianika. Shimo lilikuwa limefika kimo cha mtu. Ukingo mmoja ulikuwa umeanguka ukamshika hadi kiunoni, na maji ya mvua yalikuwa yakiingia kutoka mgahawani, maana uwanja unateremka kutoka huko.

"Esta," akasema, "usimwambie Mama."

Nilikuwa nimewahi kuisoma sentensi hiyo kwa Athanas. Safari hii sikujibu sawa.

Nilikimbilia filimbi kwenye msumari wa jikoni. Sikufikiri nani atanitazama. Saba fupi, moja ndefu. Nikarudia. Nilipuliza hadi nikasikia ladha ya chuma.

Na wakaja. Watoto wa Mama Zuleha walifika kwanza, wakapanga mstari chini ya tangi mvua ikiwanyeshea. Nyuma yao Mama Zuleha, unga hadi viwikoni. Kisha mafundi wa nyumba za tegesha, kisha Mzee Mayala na fimbo yake. Hakuna aliyekimbilia shimoni. Wote walikuja tangini kwa sababu ndiko walikoona watu wakienda kila saa kumi, wakanitazama mimi. Nilikuwa nimeshika filimbi, kwa hiyo nikasema. Nilisema kwa sauti, "Magesa yuko kwenye shimo, udongo umemshika kiunoni, maji yanaingia. Msikaribie ukingo."

Shangazi alifika akiwa hana kiatu kimoja. Alikuwa amesikia filimbi kutoka sokoni, kwa vile karasha lilikuwa kimya. Hakulia wala kupiga kelele. Alitazama shimo mara moja tu.

"Ng'oeni milango miwili, ilazwe ukingoni pande hizi. Watu wanne tu juu yake. Mama Zuleha, wanao wachimbe mfereji hapo juu, maji yapite nje. Nataka magogo. Marefu."

Hakuna aliyekuwa na magogo. Mvua ikaendelea. Magesa alianza kuomba kwa Kisukuma.

Mzee Mayala akasema, "Ninayo."

Alivuka barabara na mafundi wake wakang'oa nguzo za nyumba yake, ile aliyoiongezea chumba. Ukuta mzima ulilala chini. Walizibeba mabegani, Shangazi akawaelekeza namna ya kuzipachika moja baada ya nyingine kukinga udongo, kama matimba yanavyopachikwa. Akashuka yeye mwenyewe. Watu walimkataza, akawa kama hasikii. Alimchimbua Magesa kwa sufuria yangu ya wali huku akimsema.

"Wewe ulileta chokaa. Ulijua ni meli."

"Nilijua, Mama."

"Sasa?"

"Nikawaza, mtu hawezi kuhangaika hivi kwa ajili ya meli tu. Huenda kuna kitu."

"Kipo," Shangazi akasema. "Inua mguu."

Walimvuta kwa kamba ya ng'ombe. Amevunjika kifundo cha mguu, hajaumia zaidi ya hapo. Amepelekwa kituo cha afya kwa pikipiki, katikati ya watu wawili.

Watu walipoondoka Shangazi alikaa chini ya tangi, akiwa amelowa. Nikakaa kando yake, nikamwambia. Nilimwambia chumba hakina dirisha, kiko ndani kabisa, mwanga wote ni wa taa, na nimelijua hilo tangu Desemba.

"Najua," akasema.

"Athanas alikuambia?"

"Wewe umeniambia. Umenihesabia mito, ukanitajia rangi ya taulo. Hujawahi kuniambia nikiamka asubuhi nitaona nini."

Karasha lilikuwa bado kimya na maji yalikuwa yakidondoka kutoka tangini.

Jumapili, 18 Januari

Shangazi hakwenda kanisani. Alikaa mlangoni akiitazama nyumba ya Mzee Mayala iliyolala. Jioni aliniita.

"Siku ile ya baba yake Athanas hatukukosa nguvu," akasema. "Hatukukosa hata magogo. Tulikosa pa kukutania. Jana mtoto wa Mama Zuleha, yule asiyejua hata kufunga kaptula, alijua pa kwenda." Akanionyesha simu. "Mwandikie Athanas nakuja. Mwambie pia asimfundishe binti wa watu kunificha mambo. Na chumba kikiwa kibaya nitalala kwenye bwawa."

Nimemwandikia yote, hata la bwawa.

Jumamosi, 31 Januari

Matokeo yametoka. Daraja la tatu. Kiingereza nimepata C. Shangazi amechinja kuku kutoka lile banda lililo karibu na chumba chetu cha chokaa.

Jumamosi, 14 Februari

Tumepanda karanga. Chokaa ilikuwa imeshafutika, isipokuwa mstari mmoja wa ngazi. Shangazi ameagiza nguzo mpya za Mzee Mayala, na mzee amesema safari hii ataweka msingi na madirisha akae mwenyewe. Amekubali kwamba meli ipo. Anataka tumletee picha ya barafu. Magesa anatembea na gongo na amerudi kwenye karasha. Kila anayepita anamuuliza kama maji ya bwawa yalikuwa baridi.

Jumatano, 11 Machi

Tuko ndani.

Kwa nje haionekani kama meli, inaonekana kama ukuta wa jengo refu. Kwenye mlango walipitisha kadi zetu zikatoa mlio. Shangazi alikuwa amevaa kitenge kipya na raba za Athanas za zamani. Athanas hakuja kutupokea, alikuwa ametuonya: siku ya kupakia abiria wafuaji hawatoki.

Ndani kuna zulia na kona nyingi na watu wa kila rangi waliopotea, wakigeuza ramani. Nilitoa simu nisome. Shangazi hakunisubiri. Alikunja kushoto pale ambapo lingekuwa pipa, akapita mgahawa akavuta pumzi, akasema, "Chapati hakuna," akashuka matofali mawili, ambayo hapa ni ngazi za shaba, akasimama mbele ya mlango wetu. Namba ilikuwa yenyewe.

Chumba ni kidogo. Mito minne, taulo nyeupe, moja imekunjwa mfano wa tembo. Pale ambapo lingekuwepo dirisha kuna picha ya maua. Shangazi aliketi kitandani.

"Zima taa," akasema.

Nikazima. Lilikuwa giza kabisa, mchana wa saa tisa. Nilisikia pumzi zake.

"Washa," akasema. "Giza la duara lina harufu. Hili halina."

Muda si mrefu king'ora kikalia. Saba fupi. Shangazi alishanyanyuka kabla ya ile ndefu. Kwenye korido watu walikuwa wakiulizana na kucheka, mwingine amebeba glasi yake. Yeye alitembea katikati yao bila kukimbia, bila kutazama vibao, nami nyuma yake, hadi nje penye upepo, chini ya boti za njano. Tulikuwa wa kwanza.

Pale kituoni alisimama mhudumu mwenye jaketi la kuokolea, ubao wa majina mkononi, mgongo umenyooka kwa sababu mkubwa wake alikuwa karibu. Alikuwa amekonda kweli.

"Shikamoo, Mama," akasema kwa sauti ya chini.

Shangazi alimtazama, kisha akatazama boti juu yake, kisha akamtazama tena.

"Marahaba," akasema. "Kumbe pa kutokea umepasimamia wewe."

Athanas alitaka kusogea. Mama yake akamwonyesha kwa kidevu watu waliokuwa wakianza kuja.

"Ita majina kwanza," akamwambia, akaenda kusimama kwenye mstari.